Wakili kijana anataka milioni moja, na aliyekaa miaka saba amenyamaza

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Mtwara. Mimi ni wakili wa kujitegemea, mwanamke wa miaka 54, na ofisi yangu ipo hapa mjini, si mbali na Mahakama Kuu. Niliifungua mwaka 2009 nikiwa na meza moja na mhudumu mmoja. Leo tupo watu saba: mimi mwenyewe, mawakili watatu niliowaajiri, karani anayefuatilia majalada, katibu muhtasi na mhudumu. Kazi zetu ni zile ambazo mtu anayeijua Kusini angezitarajia, yaani migogoro ya mashamba ya mikorosho, mirathi, madai ya mabenki, mashauri ya vyama vya msingi vya ushirika na viongozi wao, na mara moja moja mkataba wa kampuni iliyokuja kwa ajili ya gesi.

Katika mawakili hao watatu, wa kwanza amekuwa nami kwa miaka saba na mshahara wake ni shilingi 900,000. Wa pili ni kijana aliyetimiza mwaka mmoja na nusu, na wa tatu ni binti aliyeapishwa na kujiunga nasi miezi sita iliyopita. Hao wawili nawalipa shilingi 700,000 kila mmoja. Wote wananiita Mama, na kwa kweli nimewalea kama wanangu: nimewafundisha kuandika hati ya madai, nimekaa nao usiku tukitayarisha rufaa, na mmoja wao aliishi kwangu miezi mitatu alipokuwa hajapata chumba.

Mwezi Machi yule kijana wa pili aliniletea barua. Ameitwa na ofisi moja ya mawakili ya Dar es Salaam inayomwahidi shilingi 1,300,000, na anasema atabaki iwapo nitamlipa 1,000,000. Alinionyesha pia kwenye simu yake habari kwamba wakili anayeanza kazi katika ofisi kubwa za London analipwa pauni 150,000 kwa mwaka, akaniambia kwa heshima kwamba dunia nzima imebadilika. Wiki moja baadaye tulikuwa njiani tukirudi kutoka Masasi, akaliulizia tena jambo lake, nikamjibu, "Tutafika huko, mwanangu." Sikusema lini wala kiasi gani. Nimesikia sasa kwamba amewaeleza wenzake kuwa nimekubali milioni moja kuanzia Julai.

Habari hizo zimemfikia yule wa miaka saba. Hajasema neno. Kijana huyu alikuwa akifunga ofisi saa mbili usiku bila kuombwa, lakini sasa saa kumi na nusu ameshabeba begi lake. Juzi ameomba likizo ya siku 28 kwa mkupuo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Yule binti naye hajaomba chochote, na sijui anafikiri nini.

Fedha za ofisi yangu huja na minada ya korosho. Kuanzia Oktoba hadi Januari wateja hulipa, na baada ya hapo naishi kwa akiba hadi msimu mwingine. Wateja wananidai subira kila mwaka. Kwa hesabu za karani, ada zisizolipwa zimefikia shilingi milioni 38, nyingine za tangu mwaka juzi. Nikiwapa vijana wawili milioni moja kila mmoja na huyu mkubwa milioni moja na laki nne, sijui mwezi Julai na Agosti nitawalipa kwa fedha ipi. Mume wangu ananishauri nimwache kijana aende, kwa kuwa wahitimu wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ni wengi na wapo watakaofurahia hata laki sita. Lakini kijana huyu ni hodari, na mashauri yangu mengi ya Newala yapo mikononi mwake. Huenda huko kwa nauli yake kisha namrudishia mambo yanapokaa sawa.

Niongeze au nisiongeze? Na nikiongeza, nianzie wapi?

Mama Wakili, Mtwara

*

Mama Wakili,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: kwa yule aliyenyamaza. Swali lako umeliandika juu ya kijana mwenye barua, lakini hatari iliyo ofisini kwako haipo kwake. Ipo kwa mtu wa miaka saba aliyebeba begi lake saa kumi na nusu. Kwa hiyo nitajibu moja kwa moja: ongeza, lakini nyongeza ianzie juu ishuke chini, na iwe nyongeza ya ngazi, isiwe bei ya kumzuia mtu mmoja asiondoke.

Naomba kwanza tuiweke mahali pake ile habari ya London, kwa sababu kijana wako hakukosea katika tarakimu. Ni kweli kwamba mwaka 2024 ofisi kadhaa kubwa za huko zilipandisha malipo ya wakili anayeanza hadi pauni 150,000. Marekani nako, Novemba 2023, ofisi ya Milbank ya New York ilitangaza dola 225,000 kwa wakili wa mwaka wa kwanza, Cravath ikafuata kwa viwango vyake, na nyingine nyingi zikaiga. Ofisi hizo humtoza mteja kwa saa, wateja wao ni mabenki na makampuni makubwa ya dunia, na kijana anayelipwa fedha hizo hutarajiwa kuandikia mteja saa karibu 2,000 kwa mwaka. Nje ya kundi hilo, mawakili wengi wa Marekani wanaoanza kazi, hasa wa ofisi ndogo na wa miji midogo, hulipwa chini sana ya kiasi hicho. Mshahara wa New York haukuwahi kuwa mshahara wa kila wakili wa Marekani, sembuse wa Mtwara.

Lakini lipo jambo ambalo ofisi hizo hulifanya vizuri, na hilo ndilo ningependa ulichukue kwao. Cravath haikutangaza namba moja mwaka ule. Ilitangaza ngazi nzima kwa miaka ya uwakili, kutoka dola 225,000 za mwaka wa kwanza hadi dola 435,000 za mwaka wa nane. Wa chini alipopanda, aliye juu yake alipanda naye siku ile ile, na kila mmoja alijua mwakani atakuwa wapi. Ofisi yako haina ngazi. Ina watu watatu na viwango viwili vilivyowekwa kila kimoja kwa wakati wake, na tofauti kati ya miezi sita na miaka saba ni shilingi 200,000. Ukimpa kijana milioni moja na kumwacha mkubwa wake kwenye laki tisa, utakuwa umemwambia kwa maandishi kwamba kukaa nawe kumemtia hasara. Nilishika vitabu vya hesabu vya ofisi za mawakili kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, na nimeiona ofisi moja ikifanya hivyo. Yule mkubwa hakugomba wala hakuandika barua. Alichukua likizo, akarudi na notisi ya siku 28, na wateja watano walimfuata kabla mwaka haujaisha.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana hapa ndipo waajiri wengi na waajiriwa wengi wanapoumizana bila kujua. Chukua wakili wako wa laki saba. Kwanza anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 70,000. Zinabaki 630,000, ambazo kwa viwango vya sasa vya kodi ya mshahara, yaani PAYE, zinatozwa 42,000. Iwapo alisoma kwa mkopo wa Serikali, na wengi wao walisoma hivyo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Kinachoingia mkononi ni shilingi 483,000. Kwa upande wako, juu ya laki saba unalipa asilimia 10 nyingine ya NSSF na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo anakugharimu 773,500. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haikuhusu, kwa kuwa inamfikia mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi.

Mpandishe hadi milioni moja. NSSF inakuwa 100,000, kodi 103,000, Bodi ya Mikopo 150,000, na mkononi anapata 647,000. Wewe gharama yako inakuwa 1,105,000. Yaani wewe umeongeza shilingi 331,500 kila mwezi, na yeye ameona 164,000. Chini ya nusu ya jasho lako ndiyo imemfikia mtu uliyetaka kumfurahisha. Sisemi haya ili kulaumu makato. NSSF ni akiba yake ya uzeeni na mkopo ule ndio uliomsomesha. Nasema kwa sababu mazungumzo ya mshahara yanayofanyika kwa namba moja tu ya juu huwaacha watu wawili wakiwa na manung'uniko, mmoja akisema nimetoa sana, mwingine akisema sijaona kitu. Kaa naye na karatasi, mpigie hesabu hizi mbele yake. Mpigie pia ile ya Dar es Salaam: katika 1,300,000 atapokea kama 796,000, yaani 313,000 zaidi ya anazopata sasa. Kisha mwache mwenyewe atoe kodi ya chumba cha huko, nauli za kila siku na gharama za kuanza maisha upya. Usimfanyie wewe hesabu hiyo ya mwisho. Yeye ni mtu mzima, na huenda ana sababu za kwenda ambazo hazihusiani na fedha.

Ningekuwa mimi, ngazi ningeiandika hivi. Anayeanza apate 750,000. Akitimiza mwaka mmoja, 850,000. Akitimiza miaka mitatu, 1,000,000, mitano 1,100,000, na saba 1,200,000. Kwa ngazi hiyo, kuanzia Julai mkubwa wako anakwenda 1,200,000, kijana wa barua 850,000, na binti 750,000, naye atafikia 850,000 atakapotimiza mwaka wake bila kuomba. Jumla ya mishahara inatoka 2,300,000 kwenda 2,800,000, na ukiweka michango yako yote, nyongeza ni shilingi 552,500 kwa mwezi, sawa na 6,630,000 kwa mwaka. Mpango uliouandika wewe, wa milioni moja kwa vijana wawili na milioni moja na laki nne kwa mkubwa, ungekugharimu nyongeza ya 14,586,000 kwa mwaka. Naona ulikuwa na haki ya kuogopa.

Yule binti nimemtaja makusudi. Hajaomba, na waajiri wengi humpa aliyeomba na kumsahau aliyekaa kimya. Mwezi ambao mwenzake ataongezwa kwa kuwa aliandika barua, naye akabaki alipo kwa kuwa hakuandika, atakuwa amefundishwa kwamba katika ofisi yako haki hufuata sauti. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika malipo, na wewe hungependa kueleza kwa nini mwanamume na mwanamke wanaofanya kazi ile ile wanatofautiana kwa jambo lisilo na maandishi. Ngazi iliyoandikwa inakulinda, kwa kuwa tofauti yao inasomeka: ni mwaka mmoja wa kazi, basi.

Kuhusu yale maneno ya njiani kutoka Masasi, najua hukutaja kiasi. Lakini mtu aliyekwisha kukutajia milioni moja, ukamjibu "tutafika huko", ana haki ya kuamini kwamba "huko" ni milioni moja. Usimwambie kwamba hakukuelewa. Mwambie: nilisema tutafika, na hii hapa tarehe tutakayofika, ni siku utakapotimiza miaka mitatu, yaani mwaka mmoja na nusu kutoka sasa, na nimeiandika na kuitia sahihi. Atavunjika moyo kidogo kuhusu Julai. Hata hivyo atakuwa na karatasi, na karatasi ya mwajiri anayetimiza neno lake ina thamani kwa wakili kijana kuliko ahadi tatu za mdomo.

Umeniuliza utalipa kwa fedha ipi mwezi Julai na Agosti, na jibu lipo ndani ya barua yako mwenyewe, katika sentensi uliyoipita haraka: shilingi milioni 38 zimelala kwa wateja. Mama, nyongeza yote niliyoipendekeza kwa mwaka mzima haifiki hata moja ya tano ya fedha hizo. Ofisi yako haina upungufu wa kazi, ina kazi iliyofanyika na haijalipwa, na wanaobeba mzigo wa wateja wasiolipa ni wale vijana watatu. Nimekulia Lindi, najua ugumu wa kumdai mzee ambaye shamba lake limo katika shauri na mvua haijaisha. Sikushauri umkabe. Nakushauri mkataba wa ada uandikwe siku ya kwanza, utaje kiasi kwa kuzingatia Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, utaje sehemu ya kutangulizwa, na utaje kwamba salio litalipwa katika wiki fulani baada ya malipo ya mnada wa kwanza au wa pili. Mkulima wa korosho hulipwa kupitia benki baada ya mnada, kwa hiyo tarehe hiyo yeye mwenyewe anaijua kuliko wewe. Kinachomshinda si kulipa, ni kulipa mwezi wa tano.

Kazi ya kufuatilia madeni ya zamani usimwachie karani peke yake. Mpe yule mkubwa wako aisimamie, na katika kila kinachokusanywa cha mwaka juzi na mwaka jana, apate sehemu. Vivyo hivyo kwa mteja mpya ambaye wakili amemleta kwa jina lake mwenyewe: mpe asilimia ya ada itakapolipwa, si itakapoandikwa. Kiasi mtapatana, mimi ningeanza na asilimia 15. Njia hii ina uzuri kwa ofisi yenye msimu kama yako, kwa sababu fedha inatoka pale tu fedha ilipoingia. Angalizo moja: maadili ya taaluma yenu yanakataza kugawana ada na mtu asiye wakili, kwa hiyo karani na katibu muhtasi wasiingizwe katika mgawo huu. Wao wape bonasi ya kawaida mwisho wa msimu, na ipitie kwenye orodha ya mishahara.

Fedha za msimu zinapoingia, kabla hujachukua za kwako, tenga mishahara ya Februari hadi Septemba katika akaunti ambayo hutaigusa. Kwa ngazi mpya, mishahara ya mawakili watatu pamoja na michango ni 3,094,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi minane ni 24,752,000, na juu yake ongeza ya wale wengine watatu. Ni fedha nyingi kuziacha zimelala ukizitazama, hasa mwezi Desemba. Lakini zikikosekana, mwezi wa saba utajikuta unaitazama akaunti ya wateja, ile unayowatunzia fedha zao. Sitakufundisha kazi yako, nitasema tu kwamba nimeona mwajiri mwema, mwenye huruma kwa watumishi wake, akiitazama akaunti ile kwa nia ya kurudisha baada ya wiki mbili, na Kamati ya Mawakili, inayosikiliza mashauri ya nidhamu yenu, haikuwa na nafasi ya kusikiliza habari za huruma.

Kuna nyongeza nyingine, ambazo baadhi yake hazipiti kwenye makato niliyoyataja, na ningezianza hata kabla ya Julai. Nauli ya Newala ni ya ofisi. Kijana anayepata 483,000 mkononi na kutanguliza nauli na chakula kwa ajili ya jalada la mteja wako anakukopesha, na anakukopesha bila riba. Weka fungu dogo la safari kwa katibu muhtasi, litolewe kabla ya safari na kurejeshwa kwa risiti. Kurudishiwa gharama ya kazi si kipato, hakuna kodi ndani yake, na nadhani utashangaa jinsi litakavyopunguza manung'uniko ambayo hayajawahi kufika mezani kwako. Lipia pia ada zao za kila mwaka za Chama cha Mawakili Tanganyika na gharama za kuhuisha leseni zao, ambazo huwaangukia mara moja na zinauma. Bima ya afya nayo, ikitolewa kwa masharti yaliyo sawa kwa watumishi wote, wakiwemo karani na mhudumu, sheria ya kodi ya mapato haiihesabu kuwa kipato cha mfanyakazi. Lakini usijaribu kuugeuza mshahara uitwe posho ya safari ambayo haikusafiriwa. Wewe ni wakili.

Ushauri wa mume wako nauheshimu, na ni kweli wahitimu ni wengi. Hata hivyo wakili wa laki sita utakayempata mwezi ujao hatajua ni shahidi gani wa Newala anayehitaji kufuatwa nyumbani siku mbili kabla, wala ni mteja yupi husema ndiyo akiwa na maana ya hapana. Hayo kijana wako ameyajifunza kwa fedha yako. Akiamua kwenda mwenyewe, mwache aende kwa wema, mkabidhiane majalada ndani ya siku 28 za notisi. Lakini usimwondoe wewe. Kuomba nyongeza si kosa, na sheria ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Sidhani ungependa kuwa mjibu maombi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Limebaki neno moja, na nalisema kwa heshima kwa sababu linagusa moyo wako. Vijana wako wanakuita Mama, nawe umewalea kweli. Lakini ninavyoona, jina hilo limewafunga midomo. Mtu hamwandikii mama yake barua ya kudai nyongeza. Humvumilia, na uvumilivu ukiisha huondoka bila kusema kilichomwondoa. Yule wa miaka saba amekuvumilia hivyo. Huyu wa mwaka mmoja na nusu alikuandikia barua rasmi, nawe ukamjibu "mwanangu". Waendelee kukuita Mama, sina neno, lakini kila mwezi Mei wawe na siku ya kukaa na mwajiri wao, kila mmoja peke yake, kwa saa nzima, na karatasi ya ngazi iwe mezani. Wajue pia ngazi inakwenda wapi baada ya miaka saba. Kwa mkubwa wako, hiyo ina maana ya kuzungumza kuhusu ubia, hata kama ni kwa sehemu ndogo na hata kama utaanza miaka miwili ijayo.

Kwa hiyo anza na mtu, si na namba. Likizo aliyoiomba mkubwa wako mkubalie yote, ni haki yake. Lakini kabla hajaondoka, mwite, mwambie habari za milioni moja amezisikia vibaya, mwonyeshe 1,200,000 yake ikiwa imeandikwa, na umwombe akusaidie kuipanga ngazi ya wenzake. Kijana wa barua mwite kesho yake, na binti siku hiyo hiyo.

Mshauri wako